Tokeni ya Baba na Ndege ya Manjano

Jumamosi, Emali. Mawingu yamekaa upande wa vilima tangu asubuhi na hayajatupa hata tone. Upepo unaleta vumbi la barabara moja kwa moja mpaka mezani. Nimefuta, nimefuta tena, mwishowe nimeiacha meza ivae vumbi lake.

Leo sina ugomvi na mtu. Nasema hivyo kwa sababu wanaonisoma hapa wamezoea nikianza kwa kulalamikia maji. Maji hayapo, ndiyo, lakini kichwa changu kiko kwingine kabisa.

Binti yetu Ndinda amepitia nyumbani akitoka kupima mashamba huko Nunguni. Siku hizi hapimi kwa mnyororo na vigingi peke yake. Ana drone, kile kidude chenye mapanga manne kinachopaa na kupiga picha. Alitaka kuturushia, mimi na baba yake Muthama, tuone nyumba yetu kutoka juu. Kwa hivyo sasa nina picha safi kabisa ya paa langu lenye kutu. Asante, mwanangu.

Kabla hajairusha nilimuuliza swali lililonitoka lenyewe: chaneli iko wazi? Hakuna mwingine aliyewasha?

Alicheka mpaka akaegemea gari. Akanieleza kwamba mambo hayo yaliisha zamani. Sasa rimoti na drone hufungwa pamoja kwanza, kama watu wanaotambulishana, na kuanzia hapo kila ujumbe unaopita hewani unabeba jina la anayetumiwa. Tena hawakai mahali pamoja. Wanaruka kutoka chaneli hii hadi ile, haraka sana, kwa mpangilio wanaoujua wao wawili tu. Watu wengi wanaweza kurusha kwenye uwanja mmoja na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Nikamuuliza, sasa tokeni anashika nani?

Hakuna tokeni, mama.

Muthama hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake, akaingia ndani ya nyumba. Nami nikabaki pale na vumbi langu, akili imeshakimbia mpaka miaka ya themanini, kwenye uwanja wa mpira wa shule ambao hauko mbali na hapa ninapoandikia.

Ngoja niandike nikiwa bado naiona.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nilizaliwa katika nyumba za reli hapa hapa Emali, na mpaka leo kimya kikizidi usingizi hunipotea. Kazi ya baba ilikuwa tokeni. Kwa asiyejua: reli yetu ya zamani ilikuwa laini moja tu. Treni za kwenda Mombasa na za kutoka huko zilipita juu ya vyuma vile vile. Ili zisikutane uso kwa uso katikati ya pori, kila kipande cha reli kati ya stesheni na stesheni kilikuwa na tokeni yake ya chuma, na dereva asiyeishika mkononi haondoki, hata akiwa amembeba nani.

Treni ikiingia, baba alisimama akaitazama yote mpaka behewa la mwisho. Lazima uone taa ya mkia. Ukiiona, unajua hakuna mabehewa yaliyokatika yakabaki nyuma. Laini iko wazi, na tokeni inaweza kupewa mwingine.

"Mkia kwanza," alikuwa akituambia hata mezani, tukitaka kuondoka kabla mdogo wetu hajamaliza kula.

Wakati ninaousema alikuwa amestaafu. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na Muthama alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Kwao ni Nunguni, kule juu kwenye baridi. Alisema aliteremka Emali kwa sababu redio za watu wa Nunguni haziharibiki, hazina vumbi la kutosha. Nilimpelekea redio yetu ikiwa na ugonjwa wa kukoroma. Ikapona. Nikaendelea kuipeleka ikiwa nzima.

Mnaelewa.

Muthama naye alikuwa na ugonjwa wake, ugonjwa wa ndege. Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima upande wa Mwingi alipokuwa akirudi kwao aliwaachia yeye na rafiki yake Mulwa, mwalimu wa ufundi kule kule Mwingi, rimoti mbili za kurushia ndege ndogo, pamoja na injini zake. Ndege zenyewe walijenga wao kwa mianzi, mbao nyembamba za masanduku ya chai, na karatasi iliyopakwa gundi mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Ya Muthama ilikuwa ya manjano. Alitaka kuandika jina langu ubavuni. Nilimkatalia. Jina langu halitaandikwa kwenye kitu kinachoweza kuanguka mbele ya watu.

Sasa, wazee wa kwao walikuwa wamekuja kuniulizia kwa heshima zote. Kilichobaki kilikuwa ntheo, wale mbuzi wa kufungua njia. Kwetu Ukambani bila ntheo hujaolewa, hata ukae na mtu mpaka mzeeke mkiwa na wajukuu. Nilimpenda yule fundi, sina haja ya kuzunguka. Nilitaka ntheo yangu ipokewe, na aliyepaswa kuipokea alikuwa baba.

Baba hakukataa. Afadhali angekataa, ningejua pa kulilia. Alisema tu kwamba hajui kazi ya huyu kijana. Yeye ya kwake anaweza kukuonyesha mkononi, ina uzito. Fundi wa redio anatengeneza nini, hewa? Akinieleza kazi yake nikaelewa, alisema, alete mbuzi.

Mbuzi wakabaki Nunguni wakinenepa. Sokoni wakaanza kunitania kwamba ntheo yangu itafika ikitembelea mkongojo.

Muthama alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, amevaa koti la kuazima, rimoti ndani ya kikapu. Baba akizungumza habari za kazi alizungumza Kiswahili cha reli, hata na mama ambaye hakukipenda, kwa hivyo mahojiano yalikuwa ya Kiswahili. Muthama akafuta jasho, akaanza na frikwensi, akapita kwenye modulesheni, akawa anaelekea mahali pengine pabaya zaidi.

"Kijana, ngoja," baba akasema. "Unanena kwa lugha. Na hapa hatuna mtu wa kutafsiri."

Mama akacheka kutoka jikoni. Mimi sikucheka.

Baba akaivuta rimoti kwake. Akavisogeza vile vijiti viwili, mbele na nyuma, kushoto na kulia, akahesabu. Amri nne: kulaza bawa, kuinua pua, kuongeza moto wa injini, kupinda mkia. Kisha akauliza lile swali ambalo halijaniacha mpaka leo.

"Laini yako ni moja. Amri ni nne. Kwetu, treni nne kwa laini moja wakati mmoja ni mazishi. Wewe unazipitisha aje?"

Muthama akavisogeza vile vijiti yeye mwenyewe. Alijua kwa vidole, lakini mdomo haukuwa na habari. Akaondoka na kikapu chake, na baba akarudi kwenye Biblia yake bila ubaya wowote, kama mtu aliyeuliza saa.

Mimi swali lile liliniingia mwilini. Sikulifikiria tena kama swali la ndoa. Nilitaka tu kujua. Jumatatu baada ya vipindi nilienda moja kwa moja kibandani nikamwambia Muthama aifungue ile rimoti na asinifiche chochote.

Kwanza alinisikilizisha. Alikuwa na redio kubwa ya mawimbi mafupi iliyoachwa na mteja asiyerudi. Akaitafuta tafuta mpaka mwisho wa mistari, akawasha rimoti, na ile redio ikaanza kunguruma kama nyigu ndani ya mkebe. Akasogeza kijiti. Mngurumo ukabadilika kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Nikamnyang'anya nikasogeza mwenyewe. Nikasogeza tena. Wateja wawili walikuja wakaenda zao.

Kumbe amri haziendi pamoja. Zinakwenda moja moja, zikifuatana, kwa haraka ambayo sikio halishiki. Rimoti inabisha: ko, halafu nafasi, ko, halafu nafasi, ko. Ile nafasi kati ya bisho na bisho ndiyo amri. Kijiti kikiwa chini nafasi inakuwa fupi, kikiwa juu inakuwa ndefu kidogo, kikiwa katikati ni ya kadiri. Nafasi ya kwanza ni ya bawa, ya pili ni ya pua, ya tatu ni ya injini, ya nne ni ya mkia. Kisha inaanza upya, tena na tena, hata kabla hujapepesa jicho.

Sawa. Lakini kule juu ndege inajuaje kwamba hii ni ya mkia na si ya injini? Kuna jina limebebwa?

Hakuna jina. Inahesabu tu.

Na inajuaje ianze kuhesabu wapi?

Hapo Muthama alitabasamu, nami nikajua tumefika penye utamu. Baada ya amri ya mwisho rimoti inanyamaza. Inanyamaza muda mrefu kuliko amri yoyote inavyoweza kuwa. Ndege ikisikia kile kimya inajua kwamba kinachofuata ni cha kwanza.

Nilikaa juu ya kreti nikaangalia ukuta. Kila asubuhi darasani nilikuwa nikiita majina, na watoto walishazoea hata wakawa wanaitikia kwa zamu bila kusikiliza. Siku moja mtundu mmoja akaitikia mara mbili, na darasa zima likasogea: aliyekuwepo akaonekana hayupo, na aliyelala nyumbani akaonekana yupo. Nikamuuliza Muthama, basi mtu mwingine akiwasha rimoti kama hii, si mabisho yatachanganyika na hesabu ipotee?

Akanitazama kwa namna ambayo niliipenda sana. Akachomoa kutoka ndani ya rimoti kijidude kidogo cha chuma chenye alama nyekundu. Ile ndiyo kristali, ndiyo inayoamua chaneli, na ndani ya ndege kuna ndugu yake wa rangi ile ile. Ya Mulwa ilikuwa na alama gani? Nyekundu pia. Mzungu alikuwa akirusha peke yake, rangi mbili za nini? Na rangi nyingine ilibidi iagizwe ng'ambo.

Kwa hivyo yeye na Mulwa walikuwa na desturi yao. Walikuwa na kibanio kimoja cha kuanikia nguo. Anayekishika ndiye anayewasha rimoti. Asiyekishika, rimoti yake imezimwa na eria, ule mlingoti mwembamba wa kurushia mawimbi, imeingizwa ndani, hata apewe sababu gani.

Niliruka kutoka kwenye kreti. Hiyo ni tokeni! Unataka kuoa katika nyumba ya tokeni na hukusema una tokeni?

Jumapili iliyofuata hakubeba maneno ya lugha. Alibeba kifuniko cha soda. Akagonga meza taratibu: ko, ko, ko, ko, ko, halafu akanyamaza, halafu akarudia. Baba akafumba macho. Stesheni zilikuwa zikiongea kwa kengele, kwa hivyo kusikiliza bisho na kimya alijua. Baada ya muda akanyoosha mkono, akachukua kile kifuniko, akagonga mwenyewe, na kimya akakiweka pale kinapotakiwa.

"Ya kwanza inakuja baada ya kunyamaza," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na watu wawili wakiwasha?"

Muthama akatoa kibanio mfukoni, akaeleza. Baba akakigeuza geuza, uso umekunjamana.

"Tokeni unaifanya na kibanio? Mama yake huyu akitaka kuanika shuka, ndege ianguke?"

Alichonga yake wiki ile. Ya mti mgumu, ukubwa wa kiganja, akaitoboa tundu, akaitia kamba, akaipaka nyekundu. Akatangaza kwamba wazee wa Nunguni waje na mbuzi wao. Ndege iruke kwanza, yeye mwenyewe akiwa ameshika tokeni, na ikitua salama mbuzi watapokewa.

Sijawahi kufua nguo kwa furaha kama wiki hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi kama leo, yenye upepo kama leo. Mulwa alitoka Mwingi na ndege yake ya bluu. Mjomba wake Muthama aliteremka kutoka Nunguni na wale mbuzi watatu, tukawafunga nyuma ya nyumba yetu. Watu wa soko wakasikia, wakaja. Baba alivaa koti lake la reli, vifungo vimesuguliwa, akasimama pembeni mwa uwanja peke yake na tokeni shingoni. Mama alisimama mbali amejifunga kitenge, amegeuka nusu, kwa sababu ya nthoni, ile haya ya wakwe, ambayo alikuwa ameianza mapema kwa kujiamini.

Muthama akaomba tokeni. Baba akampa kwa mikono miwili. Ndege ikakimbia kwenye nyasi kavu ikainuka, na mimi, ambaye nilijua kila bisho linaloenda kwake, nilipiga kelele kama mtoto.

Ilizunguka juu ya paa la shule. Ililala ubavu, ikanyooka, ikapanda. Watu wakashangilia. Baba hakushangilia, alikuwa kazini. Baada ya muda alimwendea Muthama akamtaka amrudishie tokeni, kwa kuwa kwa sheria yake dereva akikaribia stesheni tokeni hurudi kwa mwenye stesheni. Muthama, macho yake juu, akainamisha shingo akavuliwa kamba. Hakuona ubaya. Tokeni ikiwa kwa mzee, nani atawasha?

Kisha akataka kutufurahisha. Akaishusha ndege chini kabisa, ikaja kasi mbele yetu sote, karibu iguse nyasi, ikapita kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine. Baba akaifuata kwa macho kama alivyofuata treni maisha yake yote. Aliiona pua ikiingia, akaliona bawa, akauona mkia. Mkia ulipita mbele yake, mzima.

Laini iko wazi.

Akageuka akampa Mulwa tokeni. Kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Mulwa alikuwa ameinama akikaza kitu kwenye ndege yake, hakuwa anatazama juu. Kwake tokeni ni tokeni, na aliyempa ni mtu wa reli. Akavuta eria, akawasha.

Ndege ya manjano ilikuwa inaanza kupanda tena. Ilitetemeka. Bawa likapiga huku na huku, injini ikapiga kelele halafu ikanyamaza halafu ikapiga tena. Muthama akapaza sauti, "Zima! Mulwa, zima!" Mulwa akazima, lakini ardhi ilikuwa karibu zaidi. Iliingia kwenye ua wa mkonge kwa pua. Tulisikia mianzi ikivunjika.

Hakuna aliyeumia. Naandika hivyo mapema kwa sababu ndilo jambo la kwanza baba alilouliza.

La pili aliliuliza kwa sauti ya kazi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu. Nani alikuwa na tokeni? Mulwa akaiinua. Nani alimpa?

Mulwa akamtazama Muthama.

"Fundi," baba akasema, "nakuuliza wewe. Kosa ni la nani?"

Mjomba wa Nunguni akakohoa. "Upepo, mzee. Upepo wa huku kwenu ni mbaya sana."

Binamu zangu wakadaka. Kweli, upepo. Tangu asubuhi ni upepo tu. Hata mama kutoka kule mbali akasema upepo. Mjomba akamsogelea Muthama akamminya mkono, nikamwona akimnong'oneza. Huwezi kumwambia mkwe mbele ya watu kwamba amekosa, siku umemletea mbuzi. Kwetu hilo halifanyiki. Ntheo nyingi zimekufa kwa neno dogo kuliko hilo.

Nami niliomba kimoyomoyo aseme upepo. Nasema ukweli wangu. Nilitaka aseme upepo tukapike. Wakati huo huo namjua baba, nilijua kwamba mtu atakayemwambia upepo hatamtazama tena.

Muthama akavua kofia. Sikuwahi kuona uso wake ukiwa na hofu kama ile.

"Ni wewe, mzee," akasema. "Ulipeana tokeni na ndege iko juu." Akaielekeza kofia kule ndege ilikopita. "Na mimi kosa langu, sikukuambia ndege ikipita chini haijafika. Mpaka iguse, isimame."

Mjomba akafumba macho kabisa.

Nakumbuka mbuzi mmoja alilia nyuma ya nyumba, na lori likabadilisha gia barabarani. Baba alisimama wima katika koti lake. Miaka yote ile ya treni za usiku na za mchana hakuwahi kupeana tokeni vibaya, na alikuwa amefanya hivyo mbele ya watu wa soko kwa ndege ya karatasi.

Kisha akaenda mpaka kwenye ule ua wa mkonge, akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akaanza kuokota. Aliokota kila kipande cha mwanzi, kila karatasi. Muthama akamfuata akaokota naye. Waliporudi baba alikuwa amekumbatia bawa la manjano, mikono imechanwa na miiba. Akamtazama mjomba.

"Hao mbuzi wenu mmewafunga wapi? Waleteni mbele, watu wawaone."

Nililia pale pale mbele ya wanafunzi wangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na Ndinda mgongoni, nilimuuliza baba kwa nini alipokea mbuzi na ndege haikutua. Alinishangaa kama mwalimu anavyomshangaa mtoto mzito. Akaniambia kwamba kazi yote ya reli ilikuwa kumuuliza mtu usiyemwona, wa stesheni ile nyingine: laini iko wazi? Mtu huyo akikujibu la kukupendeza kwa sababu anakuheshimu, watu watakufa. Kijana yule alimjibu vizuri. Basi.

Baba ametuacha sasa. Tokeni yake iko kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, rangi imebabuka, na mimi huipangusa vumbi siku ninazokumbuka.

Narudi leo.

Ndinda alikuwa tayari ameiweka drone yake chini, taa zake zinawaka, anatusubiri tuache uzee wetu. Muthama akatoka ndani. Mkononi alikuwa na tokeni. Hakumpa mtu na hakueleza. Alisimama pembeni ya uwanja wetu wa kuku, miguu imeachana kidogo, ile kamba ameizungusha kwenye kiganja.

Ndinda akanitazama. Nikamwambia rusha tu.

Kidude kikapaa, kikatuonyesha paa letu na kutu yake, reli kwa mbali, na ule uwanja wa shule ambao sasa una ukuta wa mawe. Kikarudi. Kikateremka mpaka karibu na magoti ya Muthama, kikasimama hapo hewani kikinguruma, na Ndinda, anayependa kuringa, akakiacha kikae hivyo. Muthama hakusogea. Kikashuka, kikagusa. Bado hakusogea. Mapanga yakapunguza mwendo, yakasimama, moja lilikuwa la mwisho, akalingoja. Taa zikazimwa.

Ndipo akageuka akanipa mimi tokeni. Kwa mikono miwili.

Nimeirudisha kwenye msumari wake. Ndinda amelala, kesho asubuhi ana mashamba mengine, na hajaniuliza kitu, ingawa nilimwona akiitazama ile mbao alipokuwa akipita mlangoni. Nimwambie habari yake mwenyewe, au ninyamaze mpaka aanze yeye kuuliza?